Safu ya Tano

Ame kaja na kidude mfano wa bastola.
Ukikilenga kitu kinakitia doa jekundu,
kisha kinakupa namba.
Alianza na bati la kibanda changu cha kuku:
sitini na moja.
"Shangazi, hapa yai linakaangika."
Nikamwambia kuku wenyewe washajua,
wiki mbili hawajataga.

Nikafuatana naye mtaa mzima, nimevaa ndara,
maana saa saba mchana hapa Tomondo
hakuna anayekanyaga chini kwa mguu mtupu
ila mtoto aliyetumwa mbio akasahau.
Lami ya njia kuu, hamsini na saba.
Sakafu ya gereji ya Machano, hamsini na tatu.
Uwanja wa skuli, pale penye nyasi zilizobaki, arubaini na moja.
Gari jeusi la mpangaji mpya: hakusema namba,
alipiga mluzi tu.
Paka wa Mwatima kalala ndani ya karo,
penye unyevu, macho nusu.
Ame akampima naye.
Paka hana safu, kaandikwa pembeni.

Kisha uwa wangu.
Pevingi nyekundu na za kijivu, zimepangwa kwa msuko,
nimezilipia kwa miaka mitatu ya barafu za ubuyu,
mia mia, sarafu kwa sarafu.
Asiyeyajua masika ya huku asinicheke:
tope lilikuwa likiingia hadi mvunguni,
na mwanangu Subira akienda skuli
viatu mkononi, kama mwizi.
Siku fundi alipomaliza nililala juu yake chali,
mtu mzima mimi, nikacheka peke yangu.
Sikuwaza kuwa kilichozuia tope
kitazuia na kitu kingine, jina lake silijui,
ile pumzi ya ardhi ikishanyweshwa maji.

"Hamsini na tano," kasema Ame.

Njoo usiku, basi, uje upime.
Jua limeshazama, hari haina habari.
Kiambaza cha magharibi kinakaa kama mgonjwa wa homa;
ukiegemea unaondoa mgongo upesi,
halafu unajilaumu.
Bomba la tangini linatoa chai isiyo majani.
Kitoto cha Subira kimejaa harara shingoni,
nakipepea, nahama nacho chumba hadi chumba
kama mtu anayetafuta alichodondosha.

Na barafu zangu zinauzika.
Hilo nalo niliseme: mwaka huu nimeongeza friji.
Linatoa baridi kwa mbele na hari kwa nyuma,
na nyuma ni kwa Mwatima.

Ame kakaa kibarazani, daftari gotini.
Safu ya kwanza mahali, ya pili saa,
ya tatu joto, ya nne sasa pana nini.
Ya tano: awali palikuwa na nini.
"Hapa kwako tuandike nini, shangazi?"

Nikamwambia: hapo ulipoweka miguu palikuwa na mfenesi.
Wa pili ulikuwa pale penye choo,
ukizaa mafenesi ya maji, ya kulia na kujipaka.
Huko chini bonde, mpunga, majaluba hadi mwisho wa macho,
na vyura, hadi bibi yako akawa anaongeza sauti ya redio.
Penye gereji, muhogo wa Mshenga,
mchungu, kaupanda makusudi kuwakomoa wezi.
Na ukitoka mjini kwa baskeli
kuna mahali ulifika, mimi nilipajua bila kutazama,
shati likakuachia mgongo.
Hapo ndipo ulipojua uko karibu na nyumbani.

Kalamu ilikuwa imeshasimama zamani.
Nikachungulia. Kaandika: *Shamba*.

"Safu yenyewe nyembamba, shangazi."

"Basi andika herufi ndogo."